Pedali Zinazomwangusha Dikoni

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Agosti 2013

Kwa Mchungaji Adolphe na Baraza la Wazee wa Kanisa,

YAH: KUONDOLEWA KWANGU MEZANI PA BWANA, NA PEDALI ZILIZOSABABISHA

Mchungaji mpendwa, nawasalimu nyote katika jina la Bwana. Nawasalimu nikiwa nimeketi kwenye kiti chenye miguu minne, kwa sababu salamu za barabarani ndizo zilizonifikisha hapa nilipo.

Mimi dikoni wenu Nehemiya Musoni nimepokea uamuzi wa Baraza kwamba nisigawe tena mkate wala kikombe hadi kikao cha Jumamosi, ambapo nitajibu mashtaka mawili. La kwanza, kwamba nimeanza kunywa pombe. La pili, kwamba nimekuwa nikimpigia magoti mjane Mukandoli, kiongozi wa kwaya ya akina mama, mbele ya mlango wake na mchana kweupe, bila kupitia kwa wazee. Mashtaka yote mawili nayakana. Tangu nivuke mpaka sijaonja hata tonto, ile pombe ya ndizi, ya kulowanisha ulimi, na magoti yangu nayatunza kwa ajili ya maombi. Mkosaji katika habari hii ni pedali.

Naomba mnielewe, sijaandika kwa ajili ya kiburi. Nilipotoka kwetu Kivu ya Kusini niliacha ng'ombe, nikaacha nyumba, nikaacha na kaburi la mke wangu. Kugawa meza ya Bwana ndiyo kazi pekee iliyovuka pamoja nami. Mkiniondolea hiyo, sijui asubuhi nitaamka nikijiita nani. Inaniuma sana, na nisingependa Baraza lidhani kwamba nacheka.

Sasa nieleze chombo chenyewe. Mkwe wangu Patient, mume wa binti yangu Viviane, anakaa Ruti, pale Mbarara. Ni mtu wa mbio za baiskeli. Kila Jumamosi huvaa kaptura ya kubana, isiyofaa kuelezwa katika barua kwa mchungaji, na kupanda milima ya barabara ya Kabale pamoja na wenzake. Alipopata baiskeli mpya alinipa ile ya zamani, akisema ni aibu baba mkwe wake kuzunguka kambi nzima kwa miguu akitembelea wagonjwa. Mimi nilikuwa sijawahi kuendesha kinga, kama tunavyoiita baiskeli kwetu. Nilikulia milimani nyuma ya ng'ombe, na anayechunga ng'ombe hana haja ya kuwatangulia.

Baiskeli ile haina pedali za Kikristo. Pedali yake ni kidude kidogo cha chuma, na ina viatu vyake maalumu, vyenye kipande cha chuma kwenye soli. Unakanyaga, inalia ta, na kiatu kimekamatwa. Ukitaka kutoka, huvuti mguu juu kama mtu mwenye akili zake. Unasukuma kisigino nje, kwa upande, kabla hujasimama. Patient aliniambia kwamba ukisahau, utaanguka. Ukikumbuka ukiwa umechelewa, utaanguka pia. Na ukikumbuka mapema mno, mguu unarudi wenyewe palepale na kukamatwa upya, halafu unaanguka ukiwa umeshajipongeza.

Mtauliza kwa nini sikuomba pedali za kawaida. Niliomba. Patient akasema nijaribu kwanza, maana kwa hizi mguu hausukumi tu, unavuta pia, na mlima unakuwa mfupi. Basi nikajaribu katika uwanja wa mpira kule Ruti, Viviane akikimbia nyuma ameshika kiti. Miguu yote miwili ikakamatwa, baiskeli ikaenda, Viviane akaachia, nami nikaanza kucheka peke yangu kama mtoto anayetekenywa. Nina wajukuu, Mchungaji. Sikumbuki ni lini furaha iliniingia mwilini namna ile. Kwenda hakukunishinda hata kidogo, ila hakuna aliyenionya kwamba siku moja ningelazimika kusimama.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu salamu. Ninyi nyote mnajua jinsi tunavyomsalimia mkubwa. Mkono wa kulia unatolewa, wa kushoto unashika kiwiko cha ule wa kulia, na kichwa kinainama. Anayetoa mkono mmoja tu amelelewa vibaya, nami sikulelewa vibaya. Siku ya kwanza niliyoingia kambini na baiskeli, nilimkuta Mzee Mutware, anayetuzidi umri sisi sote, amesimama kando ya njia ya bombani. Nikafunga breki. Nikatoa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, kichwa kikainama. Sasa Baraza lifikiri lenyewe: mikono yote iko kwenye salamu, miguu yote iko kwenye pedali. Baiskeli imebaki na nani? Nilimwangukia mzee kifuani, tukaingia pamoja katika maharagwe ya watu, na hata kule chini sikuuachia mkono wake. Mzee Mutware hakukasirika. Alipopanguswa majani aliwaambia waliokuja kutuinua, "Tangu nifike hapa Uganda, hakuna mutu alishanisalimia na heshima mingi vile." Kosa langu liko wapi hapo? Shida ni kwamba wazee wengine sasa wanangoja salamu ya namna ileile, na wanaingoja mahali penye mawe.

2. Kuhusu ulevi. Habari hii ililetwa na dada Annonciata, anayeuza vitenge sokoni na kufuata mzigo Mbarara. Simlaumu. Aliona kweli, ila aliona kutoka upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nateremka kilima cha Ruti, upepo umenijaa shatini, polisi wa barabarani akainua mkono. Mimi ni mkimbizi. Polisi akiinua mkono, nasimama. Nilisimama, baiskeli ikasimama, halafu wote wawili tukalala taratibu mbele yake. Akaniinamia, akasema, "Mzee, mimi nasema simama, wewe nalala. Nakunywa nini leo?" Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba sinywi, bali nimefungwa miguu. Akatafuta kamba, hakuiona, akazidi kuamini kwamba nimelewa. Annonciata anasema pia kwamba nilikuwa nacheka pale chini. Ni kweli, nilikuwa bado sijamaliza kicheko cha mteremko. Mchungaji mwenyewe akiteremka pale hataweza kubaki na uso wa mahubiri.

3. Kuhusu viatu. Viatu vyangu vya Jumapili viko kwa fundi Mbarara, na Baraza lilikataza zamani dikoni kuhudumu akiwa na kandambili. Nilitii. Nilihudumu na viatu vya baiskeli. Kwamba vilipiga kelele kwenye saruji kama mbuzi juu ya bati wakati wa sala ya kimya, nakubali. Kwamba niliteleza na kummwagia mgeni kutoka Kikagate juisi ya meza, nakubali, na mgeni alisamehe. Lakini aliyetunga sheria ya kandambili naye ajitafakari.

4. Kuhusu mjane Mukandoli. Hapa naomba msome polepole. Nyumba yake iko pale ambapo kilima kinaisha na njia ya kanisani inakata kona. Ni mahali pa kupunguza mwendo, na kona ile sikuichimba mimi. Mtu akipunguza mwendo akiwa na pedali hizi, anaanguka. Mtu akianguka upande wa kushoto, goti hutangulia. Ni mambo ya mifupa tu. Ikiwa wakati huo mjane yuko mlangoni, macho ya watu yataona dikoni amepiga goti mbele ya mjane, lakini macho ya haki yataona pedali.

Mara ya kwanza alitoka na maji, akaniosha goti, akasema, "Pole, Dikoni. Hii kinga inakufundisha kupiga magoti kushinda Mchungaji." Nayaandika haya ili mjue kwamba mazungumzo yetu yalihusu mambo ya kanisa. Baadaye nilikuta ametandaza majani makavu ya migomba pale ninapoangukia. Watu wamelisema vibaya jambo hili. Mimi naliita ukarimu, na ningependa kuona akina mama wengine wakiuiga.

Atatokea mtu atakayeuliza kwa nini sipiti njia ya chini, iliyo tambarare na fupi. Njia ya chini ina vumbi. Mwingine atauliza mbona napita pale hata siku zisizo na ibada. Mazoezi, Mchungaji. Na wa tatu atauliza kwa nini sasa huwa nanyoa ndevu kabla ya mazoezi. Huyo hana nia njema, na asijibiwe.

Kwa hiyo, ili kanisa lipate amani, naomba Baraza liamue kama ifuatavyo. Kwanza nguzo ipandwe mbele ya nyumba ya kila mzee, na mbili mlangoni mwa kanisa, ili dikoni apate pa kujishikilia anapotoa heshima. Kama miti ni shida kupatikana, wazee wasimame wenyewe badala ya nguzo, wameweka miguu yao imara. Anayependa salamu ya mikono miwili akimbie pembeni yangu nikiwa katika mwendo, na asiyeweza kukimbia asalimiwe kwa wimbo kutoka mbali. Wazee wote wahamie upande wa kushoto wa njia, kwa kuwa ndiko ninakoangukia, na haifai heshima ielekee upande mmoja na dikoni upande mwingine.

Zaidi ya hayo, pedali hizi zitangazwe mimbarani pamoja na pombe na tumbaku, kuwa ni vitu vinavyomwangusha Mkristo. Barua iende kwa makanisa ya Mbarara yote, na nyingine Kikagate, pale mpakani, pedali zisije zikavuka kwenda Tanzania na kuangusha madikoni wa watu ambao hawajui lolote. Mkristo yeyote atakayeonekana amevaa viatu vile akae benchi la nyuma mpaka atubu. Mimi peke yangu niruhusiwe kuendelea navyo, maana nimekwisha kuumia vya kutosha na ingekuwa hasara kuacha sasa.

Hilo la mwisho Baraza likilikataa sitagomba. Lakini meza ya Bwana, nawasihi, nirudishieni. Jumapili iliyopita nilikaa kati ya watu, trei ikanipita mkononi kama mgeni, na nililia. Nafuta machozi kila nikikumbuka. Mtu hawezi kupoteza nchi na huduma yake pia kwa sababu ya kipande cha chuma kwenye soli.

Nisalimieni Mama Mchungaji na watoto. Nisalimieni Mzee Mutware pamoja na mbavu zake. Nisalimieni vijana wa muziki, wazee wa jengo, walinzi wa mlango, na dada Annonciata ambaye nimemsamehe kabla hajaomba. Kwaya ya akina mama nisalimieni yote, kuanzia mbele.

Ni mimi dikoni wenu, niliyeanguka mara nyingi lakini sikunywa,

Nehemiya Musoni

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua, na sitaki kuichana kwa sababu imeandikwa vizuri.

Jana Patient alikuja kutoka Mbarara. Alizitoa zile pedali akaweka za kawaida, pana, za kila mtu. Leo asubuhi nimetoka kuwaletea barua nikiwa na baiskeli ileile, lakini miguu yangu ikiwa huru kabisa. Nilipofika kwa Mama Mukandoli, alikuwa anaanika mihogo. Nilifunga breki vizuri. Nikashusha mguu mmoja chini, nikasimama wima kama inavyompasa dikoni. Akaacha mihogo, akatazama mguu wangu ulioko chini. Kisha akauliza, "Dikoni, leo hauanguki?"

Basi, Mchungaji, nikaanguka.

Kwa hiyo yote niliyoandika kwenye namba nne yafuteni. Shtaka la pili ni la kweli. Kama kwa ajili yake mtaniweka mbali na meza kwa muda, nitakaa benchi la nyuma na mtanisikia nikiimba. Nayaandika haya mbele ya macho ya mjane mwenyewe, naye, kuhusu posa kupitia kwa wazee, anasema niwaambie, "Bazee bakuje tu, niko nabangojea."