Shukrani za Mapema kwa Wote Watakaonisaidia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa na msimamizi wangu. Profesa ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mmoja, lakini ofisini kwake mimi ndiye mtoto. Akaniambia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba mzee wangu, Ijumaa ya wiki ijayo saa kumi jioni, tasnifu isipokuwa mezani kwangu jina lako linafutwa. Miaka sita inatosha. Nikamjibu kwamba elimu haina mwisho. Akasema usajili unao.

Mada yangu ni nzito: subira ya wananchi katika vyumba vya kusubiria. Nilitakiwa kukusanya hojaji mia na ishirini. Ninazo tisa. Nne kati ya hizo nilizijaza mwenyewe.

Si kosa langu! Hospitali ya kwanza nilivumilia dakika arobaini. Kisha nikapanda juu ya benchi nikawauliza wagonjwa mpaka lini watakubali kupangwa kama magunia. Wakaingia kwa daktari wote kwa mpigo. Mlinzi akanishika kola. Ofisi ya vitambulisho, vivyo hivyo. Benki hata hojaji sikuwahi kuzitoa mkobani. Naenda kupima subira ya watu, naondoka nimeimaliza.

Hata hivyo sijakaa bure. Sehemu ya shukrani iko tayari. Kurasa kumi na nne!

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki.

Chumba chetu cha watafiti tuko watatu. Bibi Udongo anapima udongo wa bustani, ana vikopo mia mbili kwenye rafu, kila kimoja na lebo yake. Bwana Nzi anafuga nzi kwenye chupa zilizofunikwa kitambaa, anataka kujua wanavyochagua ndizi. Huyu Bwana Nzi takwimu anazichezea kama karata. Nimemwomba mara tatu anichambulie zangu. Mara tatu ameniambia, mzee, mimi nina nzi wangu.

Sasa kosa langu nimeligundua. Nilikuwa naomba. Mwenye akili haombi, anashukuru! Nimeandika hivi: “Siwezi kumsahau Bwana Nzi, aliyeacha shughuli zake zote akanichambulia takwimu kwa moyo mweupe.” Ukurasa wa tatu. Nimeuchapa, nimeuweka kwenye kiti chake. Bibi Udongo nimemshukuru kwa kunipangia orodha ya marejeo. Fundi wa fotokopi nimempa nusu ukurasa kwa kunitanguliza mbele ya foleni siku ya kujalidi.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi natunza kwanza, watacheza baadaye. Mtu akishashukuriwa, atakataaje?

Jumatano, 5 Machi

Mtego umenasa! Bwana Nzi amekuja na ukurasa mkononi, sauti imelegea. Akauliza kama ni kweli tasnifu hukaa maktaba daima. Nikamwambia daima na siku moja. Akasema mama yake hajawahi kuona jina la mwanawe kwenye kitabu. Akakohoa. Akasema basi mzee, lete hizo takwimu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sina takwimu.

Nikamwambia ziko njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Bibi Udongo ameuona ukurasa wa Bwana Nzi ukiwa wa tatu, akautazama wake ukiwa wa tisa, nyuma ya fundi wa fotokopi. Akauliza, kwa ule upole wake unaochanja, tangu lini nzi akawa na cheo kuliko ardhi inayomlisha. Bwana Nzi akasema hajaona mtu anayekula udongo. Bibi Udongo akasema nzi wako wanakula mengi ambayo kwa heshima ya huyu mzee sitayataja.

Nikaona ni wajibu wangu kuleta amani. Nikapiga meza ngumi.

Chupa tatu zikaanguka. Kizazi cha kumi na moja cha nzi, miezi minne ya kazi, kikatoka dirishani kama wanafunzi waliosikia kengele. Bwana Nzi alisimama akiwaangalia wanavyopotea juu ya paa la maktaba. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Nikamwahidi ukurasa wa kwanza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa zaidi nzi wake.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani. Mke wangu ni msusi, saluni yake ni chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani. Chumba cha nyuma kuna meza ya chakula, ambayo kwa miaka sita ni meza ya tasnifu. Sisi tunakula sahani zikiwa magotini.

Nilitoka kuoga nikamkuta amesimama, chanuo limechomekwa kichwani, anasoma shukrani zangu. Kurasa zote kumi na nne. Akaniuliza huyu fundi wa fotokopi ni ndugu yetu wa upande gani, hata apewe nusu ukurasa. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, baba watoto, mimi niko ukurasa wa ngapi?

Nikafunua. Nikafunua tena. Nikaanzia nyuma kuja mbele. Mlinzi aliyenishika kola yumo. Mhariri wa gazeti anayezikataa barua zangu yumo. Mke wangu hayumo!

Nikajitetea kwamba hizi ni shukrani za watu watakaonisaidia, na yeye alishanisaidia. Maneno yakatoka mdomoni nikayaona yanavyokwenda, nikashindwa kuyarudisha.

Akanipakulia chakula. Cha moto, chumvi sawasawa, kijiko pembeni. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi ameingia na boksi la rola, akaliweka miguuni kwangu, maana mezani hapakuwa na nafasi. Akasema fungua.

Hojaji! Mia moja arobaini na tatu! Nilikuwa nimeacha mzigo mzima wa hojaji tupu saluni, nikausahau. Yeye hakuusahau. Kila mteja aliyekaa chini ya draya alipewa karatasi na kalamu: shoga, hebu mjazie mume wangu, anasoma. Miaka miwili. Wauguzi, walimu, maharusi, mama mmoja wa mahakamani aliyeandika hadi nyuma ya karatasi. Watu wa kusubiri kwelikweli, wanasubiri nywele zikauke, hawana pa kwenda. Hata tone la mafuta halijadondokea karatasi.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nagombana na gazeti. Mara ya pili nilimwambia asubiri kidogo.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu subira. Nimewabishia waandishi wake wote pembezoni, kwa wino mwekundu. Subira yenyewe ilikuwa chumba cha mbele, inasuka.

Nikasema nitampa ukurasa wa kwanza, peke yake. Akasema ukurasa haulaliwi wala hauwekewi sahani, yeye anataka meza yake. Machozi yakanitoka. Nikasingizia dawa ya nywele.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kulipa deni la nzi. Nimekaa dirishani na ndizi iliyooza na chupa, kimya, saa mbili na nusu. Mimi! Sikumhutubia mtu. Nimekamata nzi sita. Bwana Nzi akawakagua kwa kioo chake, akasema wanne si wake.

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Akasema, mzee, wewe ni balaa, lete hilo boksi. Kumbe ana chupa nyingine za kizazi hichohicho kabatini, aliniacha niungue tu. Mungu ambariki. Bibi Udongo naye ameichukua orodha ya marejeo bila kuambiwa. Amesema namba ya ukurasa anaijua Mwenyezi Mungu.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeandika siku nne, watatu, meza moja, katikati ya vikopo na nzi. Sijawahi kusaidiwa hivi maishani. Nilibishana nao kila aya, na kila aya walishinda wao.

Leo nimekwenda kujalidi. Foleni ya wanafunzi kumi na tisa. Fundi wa fotokopi, kwa fahari, alikuwa ameubandika ukurasa wangu ukutani. Foleni yote imeusoma! Kwamba mimi nitatangulizwa! Walinitazama kama mwizi wa kuku. Fundi akasema, mzee wangu, asante sana, lakini ukinipenda panga mstari. Nikapanga. Saa tatu nzima.

Nimefika kwa Profesa saa kumi kasoro dakika sita. Akaipima tasnifu kwa mkono, akaifungua, akasema shukrani haziruhusiwi kuzidi ukurasa mmoja. Akanipa kalamu na karatasi moja tupu. Nikaandika watu wanne na msimamizi. Mke wangu wa kwanza. Ajabu, nafasi ilibaki.

Jumamosi, 15 Machi

Meza imefutwa. Ilikuwa ya kijani! Tumekula tukitazamana.

Ijumaa, 2 Mei

Nimefaulu! Mtahini wa nje ameandika kwamba data zimekusanywa kwa subira ambayo haionekani popote katika mtindo wa mwandishi. Nimelikata hilo neno nimpe mke wangu, amelibandika kwenye kioo cha saluni. Bwana Nzi amempiga mama yake picha akiwa ameshika ukurasa wa shukrani, mama amekaza uso kama anayeapishwa. Nimezungukwa na watu wema kuliko ninavyostahili, nasema wazi na atakayebisha aje.

Kwa hiyo nimechukua fomu ya shahada ya uzamivu.

Mada bado. Msimamizi bado. Lakini shukrani zimefika ukurasa wa tano, na safari hii sirudii kosa. Zinaanza na mke wangu mpenzi, aliyenirudishia ile meza kwa hiari yake, bila kinyongo, kwa miaka mingine sita.

Nimeuacha ukurasa huo mezani, chini ya sahani yake. Namsikia anafunga saluni. Mtu akishashukuriwa, atakataaje?