Vyura Wameshinda, Toledo Inalia

Jumatatu, tarehe tano Januari. Theluji ilikuwa imekoma, lakini upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Nilitoka kwenye sala ya asubuhi pamoja na Shemasi Pruitt, tukaingia kwa Wanda kunywa kahawa. Tukakuta msiba.

"Tumeshinda!" Injini alikuwa anaomboleza, simu sikioni. "Mechi kumi na sita tumefungwa vizuri kabisa, ya mwisho ndiyo tunashinda! Hawa Vyura wana akili kweli?"

Injini ni fundi magari, na kila Jumatatu hupiga simu redioni kuisema Vyura, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani hapa Toledo. Alikuwa anasubiri zamu yake ya kuingia hewani.

"Wenzako wakishinda hushangilia, bwana," Shemasi alisema.

"Nyamaza, Shemasi! Anayeburuta mkia ndiye anayechagua kwanza vijana wa chuo wa kusajili mwakani. Yule kijana mkali wa kurusha mpira, mrushaji anayeongoza timu nzima, alikuwa wetu! Jezi yake nimeshanunua! Sasa anakwenda kwa wengine, sababu ya mpwa wako na mguu wake!"

"Marlon kaajiriwa kupiga mpira upite katikati ya milingoti. Kapiga, umepita."

"Msimu mzima ulikuwa unapita pembeni! Mara umgonge mpiga picha, mara muuza soseji. Jana tunataka akose, ndiyo anakumbuka kazi!"

Wanda alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kaunta. Shemasi hakucheka.

"Leo mchana wakubwa wa timu wanamwita ofisini. Abaki au afungashe. Mkewe mjamzito, Injini. Na hiyo redio wakubwa wanaisikiliza."

"Waisikilize! Nawaambia wamtimue kwa kosa la kushinda."

"Jana ulikuwepo uwanjani?" Wanda aliuliza kwa upole ulionitia wasiwasi.

"Nilikuwepo, mfuko kichwani kuficha uso, kama mashabiki wote wanaoionea haya timu. Mpira ulipopita nilikaa nikainama, kama mfiwa."

Wanda akatuwekea simu yake mezani. Kwenye video, jitu lenye mfuko wa karatasi kichwani lilikuwa linaruka juu ya kiti, kisha likamkumbatia askari na kumbusu.

"Huyu nani?"

"Nitamjuaje? Kavaa mfuko."

"Mfuko wa donati zangu. Ona doa la mafuta."

"Mama, mji mzima unakula donati zako!"

"Lakini haya matundu ya macho niliyakata mimi, nikiwa sina miwani. Tazama, moja liko kwenye paji la uso."

Injini akakuna shingo. Akaitazama ile video tena, polepole.

"Sasa jamani... mpira ukiwa juu vile, nani anamkumbuka mrushaji? Nilijikuta tu nimesimama."

"Injini wa Toledo!" mtangazaji akaita kwenye simu. "Uko hewani. Tumfanye nini huyu mpiga mateke?"

Shemasi alifumba macho, midomo ikicheza. Nami nikafumba yangu, nikaitikia amina kabla sijasikia chochote.

Injini akavua kofia.

"Wakubwa wa Vyura, naongea mbele ya Wanda, mbele ya Shemasi na hawa wote wanywa kahawa. Mbakisheni kijana. Mkimbakisha, naahidi mwakani nakuja uwanjani uso wazi, hata tukifungwa mechi zote kumi na saba!"