Mita Isiyosikia Tone

Jumatatu, tarehe 6

Bili ya maji imekuja. Nimeanza kuisoma nikiwa nimesimama, nimemaliza nikiwa nimekaa. Mke wangu ni msusi, saluni yake ni chumba chetu cha mbele, na vichwa vya wateja wake vinakunywa maji kuliko ng'ombe. Nimemwomba asuuze mara moja badala ya tatu. Amesema basi na mimi nioge mara moja kwa wiki. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi ni fundi saa. Siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, kwa hiyo nashinda nyumbani nikiisikiliza nyumba. Bomba likidondoka uani, nalisikia nikiwa chumbani. Miaka yote nimewafundisha watu wangu kwamba bomba linalodondoka ni mfuko uliotoboka, ukiliona lifunge. Hata mama mkwe wangu, aliyekuja mwaka jana kututembelea kwa wiki moja na bado yupo, analijua somo hilo kama jina lake.

Mchana akaja dada wa mita kusoma namba zake. Buti zake zimechoka, na yeye pia. Nikamlalamikia. Nikamuuliza inakuwaje jirani yetu wa geti jeusi ana maua mabichi mwaka mzima na simsikii akilia na bili. Jirani huyu tunamwita Mheshimiwa kwa sababu aliwahi kugombea, akaanguka. Dada wa mita akasema ya Mheshimiwa hayajui, atafuatilia tu lalamiko langu. Ila mita za zamani kama yetu, akasema, zimekuwa nzito. Maji yakipita taratibu sana, tone kwa tone, kile kinyota chekundu chini ya kioo hakizunguki, na kisipozunguka mita haihesabu kitu. Akaniangalia, akaongeza kwamba nisije nikajitia ujanja. Nikamwambia, mimi tena?

Chakula cha jioni hakikupita vizuri. Nilikuwa nafikiri.

Jumanne, tarehe 7

Asubuhi yote nimeinama juu ya mita. Magurudumu ndiyo kazi yangu. Nikafungua bomba la uani kidogo, likaanza kudondoka. Kinyota kimelala. Nikaongeza kidogo, kikashtuka. Nikapunguza, kikalala tena. Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga nao lazima walikuwa na mita kama yangu.

Wala si wizi. Sijagusa cha mtu. Maji yameamua kwenda polepole, mita imeamua kusinzia. Mimi nimeweka pipa la bluu katikati ya maamuzi yao.

Mke wangu ana habari. Jumamosi anakuja bibi harusi na wapambe wake, harusi ni Jumapili. Shangazi wa bibi harusi ndiye mwenye ule ukumbi wa barabara kuu, na akipendezwa atamletea mke wangu maharusi wote wanaokodi pale. Nafasi hii ameingoja tangu alipokuwa anawasuka wenzake barazani kwa mama yake. Ameniomba kitu kimoja tu, Jumamosi maji yawepo. Nikamwambia ondoa shaka.

Jumatano, tarehe 8

Pipa kavu. Bomba limekazwa kwa nguvu ya mtu mwenye imani. Mama mkwe akanieleza kwa upole kwamba tulilisahau likidondoka, naye akaamka akalifunga, maana baba umetufundisha. Nikamshukuru. Sasa ungemwambia nini mama mkwe? Kwamba baba mwenyewe amebadili dini?

Nikalifungua tena. Nikaenda kunywa chai, kurudi limefungwa. Nikalifungua. Nikasinzia kidogo kitini, limefungwa. Mwanamke yule macho yake hayaoni vizuri, lakini masikio ni ya sungura. Mwishowe nikafunga uzi wa pamba kwenye mdomo wa bomba, ukashuka hadi ndani ya pipa. Tone linateleza juu ya uzi, kimya kabisa. Mama mkwe akapita mara mbili bila kusikia kitu.

Mke wangu ndiye aliyeuona uzi. Akauliza. Nikamweleza kinyota, magurudumu, haba na haba. Akaivuta ndoo, akaipindua, akaikalia. Akasema amechoka. Hakusema amechoshwa na nini. Akanikumbusha mwaka ule nilipofuga kuku juu ya dari. Nikamjibu kwamba kuku ni kuku na maji ni maji. Akasema sawa, mume wangu, cheza na matone yako, lakini Jumamosi usiniaibishe. Nikaapa.

Alhamisi, tarehe 9

Pipa linajaa, ila polepole mno. Tatizo si uzi, ni binadamu. Mimi nakusanya kwa tone, wao wanafungua mabomba mengine kama mto ni wa babu yao. Mama mkwe anaosha mboga jani moja moja na bomba liko wazi. Kinyota kinacheza ngoma. Faida yote inaliwa jikoni.

Nikapata wazo. Pembeni ya mita kuna koki kuu, inayofungua na kufunga maji ya nyumba nzima. Nikiifunga hadi ibaki nafasi ya tone, basi nyumba nzima itatumia matone, watake wasitake. Koki ilikuwa na kutu ya miaka. Nikaikaza kwa koleo langu la saa, nikajikaza kisabuni na mimi, ikazunguka vizuri mpaka palepale nilipotaka. Kisha kishikio kikakatika, kikabaki mkononi mwangu.

Nimekitia mfukoni. Hakuna anayekihitaji kabla ya Jumapili.

Mabomba yote sasa yanalia machozi. Nikawatangazia kwamba presha ya maji imeshuka mtaani. Mke wangu akachungulia juu ya ukuta. Mheshimiwa alikuwa anamwagilia maua kwa mpira, maji yanaruka hadi barabarani. Nikasema kwake ni bondeni. Kwake si bondeni.

Ijumaa, tarehe 10

Pipa limejaa! Nimeweka kifuniko, nikakanya mtu yeyote asilifungue, maji ya maharusi hayo. Mke wangu akalitazama pipa, akanitazama mimi. Akasema kumbe kwa presha hii, pipa limetusaidia. Ni mara ya kwanza wiki hii ananiangalia kama mtu mwenye akili. Nikapata joto fulani kifuani. Kishikio kilinichoma pajani, nikakisukuma chini zaidi mfukoni.

Mheshimiwa akaegemea ukuta jioni. Amesikia tuna shida ya maji, akasema akiturushia mpira wake haitamgharimu kitu. Akacheka kidogo. Nikamshukuru, nikamwambia sisi tunajitosheleza. Siwezi kunywa maji ya mtu aliyeanguka uchaguzi.

Mke wangu akatoka kununua mafuta ya nywele. Mimi nikaenda kwa fundi mwenzangu kumweleza habari za kinyota. Tumezungumza hadi giza. Niliporudi kifuniko kiko juu ya pipa, vizuri kabisa. Nakwenda kulala kwa amani.

Jumamosi, tarehe 11

Sina nguvu ya kuandika, lakini naandika.

Wamekuja asubuhi, bibi harusi, wapambe na shangazi. Chumba cha mbele kinang'aa. Mapazia yanang'aa, taulo zinanukia. Shangazi akasifu usafi. Mke wangu akampaka bibi harusi dawa ya kulainisha nywele. Dawa hiyo ina muda wake, ukizidi inaunguza ngozi. Muda ukafika. Mke wangu akaita maji.

Nikafungua pipa. Kavu. Si kavu tu, limesuguliwa, unaweza kujiona sura.

Mama mkwe akaja mbio. Akasema jana alitaka kumsaidia binti yake, wageni wasione uchafu. Akafua mapazia yote na taulo zote. Maji yalipoisha akaona pipa lina utelezi, akalisugua. Na kuna mtu mjinga alifunga uzi kwenye bomba, yeye akaukata, bomba akalifunga vizuri. Alikuwa anasubiri nimsifu.

Bibi harusi akasema inamwasha. Kisha akasema inamchoma. Kisha akawa anapiga miguu sakafuni. Mke wangu akafungua bomba la jikoni, tone. La bafuni, tone. Akanigeukia kama aliyejua tangu Alhamisi, akaniambia nifungue koki kuu. Nikakimbilia kwenye mita na koleo. Bila kishikio hujui upande wa kufungua. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote, na hata matone yakakata.

Maji yamekuja kupitia juu ya ukuta. Mheshimiwa alisikia kelele, akarusha mpira wake. Bibi harusi akainamishwa uani, mke wangu akamsuuza mara tatu, huku mke wa Mheshimiwa akiuelekeza mpira kutoka juu ya kiti. Ngozi imepona. Nywele zimepona. Mimi nilikuwa nimesimama na koleo.

Mke wangu akaniuliza jambo moja tu, kishikio cha koki kiko wapi. Nikakitoa mfukoni. Akakichukua, akakiweka juu ya pipa kavu. Ningependa angenitukana.

Akabeba viti, kioo na machanuo yake, akaingia geti jeusi, wapambe nyuma yake. Kazi imemalizikia kwenye baraza ya Mheshimiwa. Nimechungulia juu ya ukuta. Bibi harusi amependeza sana. Shangazi amemshika mke wangu mikono yote miwili, ameahidi kumletea maharusi wake. Mke wangu alilia kwa furaha. Nilitaka kuwa pale.

Jumapili, tarehe 12

Mke wangu amelala kwa Mheshimiwa, kwenye chumba cha wageni. Saluni itabaki kwenye baraza ile. Ametuma ujumbe kupitia mama yake kwamba hana ugomvi na mimi, amechoka tu, na atarudi siku bomba la jikoni litakapotoa maji kama mabomba ya watu.

Mama mkwe ameniletea chakula na ndoo ya maji kutoka ng'ambo ya ukuta. Akasimama kidogo mlangoni. Akaniuliza kama uzi ule ulikuwa wangu. Nikasema ndiyo. Akasema pole baba, akachukua nguo zake, akamfuata binti yake.

Nyumba kimya. Hakuna hata tone la kusikiliza. Nimemtafuta fundi wa koki. Amesema ni kazi ndogo, atakuja Jumatano asubuhi. Nimezihesabu siku kama mtoto.

Jumatano, tarehe 15

Nimeamka mapema, nimefagia uani, nimetandika kitanda pande zote mbili. Nimesikia kicheko cha mke wangu ng'ambo. Leo anarudi, nimejiambia.

Kabla ya fundi, akafika dada wa mita kufuatilia lile lalamiko langu. Akafungua kifuniko, akafuta kioo kwa kiganja. Akauliza kama tulisafiri. Nikasema hapana. Akauliza kama nyumba imehamwa. Nikasema nipo mimi. Akasema namba zimesogea kidogo mno tangu alipozisoma Jumatatu ile, sasa kinyota hakitikisiki kabisa, na kwa mwendo huu bili yangu ya mwezi itakuwa nyepesi kuliko zote mtaani, kuliko hata ya Mheshimiwa. Akanipa pole, sijui ya nini, akaondoka na buti zake.

Nikainama mwenyewe kuangalia. Kinyota kimelala usingizi wa pono. Hakijasikia kitu. Mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo, watu tu ndio waliouvuruga.

Fundi wa koki amebisha hodi sasa hivi, vyombo mkononi. Nimemwambia arudi kwanza, tusubiri mwezi uishe.