Diski ya Pili Iko Zizini

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Nimesema uongo. Si uongo mrefu. Ni neno moja.

Mama alinituma kununua bahasha kwa Mama Mektilda, mwenye duka la fotokopi karibu na stendi. Nilimkuta amesimama mbele ya laptop aliyoinunua kwa ile kampuni ya pamba iliyofunga ofisi yake mwezi wa nane. Kioo cheusi, mistari mitatu ya maandishi meupe, basi. Akaniuliza kama mimi ndiye yule binti wa Mzee Ngassa aliyemaliza kidato cha nne juzi. Ndiyo. Shuleni kwenu kulikuwa na kompyuta? Ndiyo. Kwa hiyo unazijua?

Jibu la kweli lilikuwa refu. Shuleni kulikuwa na chumba cha kompyuta, na mimi nilikuwa na zamu ya kukifagia kila Jumatano. Kueleza hivyo kungehitaji sentensi mbili nzima mbele ya wateja watatu. Ndiyo ni silabi mbili. Nikasema ndiyo.

Mama Mektilda akasema parokia inataka ratiba ya jubilei ichapwe, na yeye anatafuta msichana wa kuchapa. Atakayeiamsha mashine hii kufikia Jumamosi ndiye atakayekalia kiti kile. Akakigusa kiti. Kikazunguka.

Nimekitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Ile bahasha ni ya kumjibu shangazi Shida wa Shishiyu. Shangazi ameandika kwamba anahitaji msichana wa kumsaidia palizi na ndama. Ana jirani mwenye ng'ombe arobaini na kijana ambaye hajaoa. Mama anasema hayo ni mambo mawili tofauti. Kwa shangazi hayajawahi kuwa mawili.

Nimemwomba mama asiitume barua hadi Jumamosi. Amekubali, ila bahasha ameshaiandika anwani.

Kuna tatizo lingine. Elina naye anakitaka kiti. Tulisoma darasa moja. Amerudi kutoka Mwanza na cheti cha kompyuta cha wiki tatu, kimewekewa nailoni. Aliingia dukani nikiwa bado pale, akaiangalia ile mashine kwa dakika moja, akasema imepoteza roho yake, inahitaji diski zilizokuja nayo kutoka kiwandani, si za mashine nyingine. Akasema mwalimu wake wa Mwanza atamtumia diski kwa basi la Jumamosi, tujaribu bahati. Akanigeukia, akauliza kama nami naona hivyohivyo.

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 6 Novemba

Diski ya kwanza nimeiona! Iko kwenye baiskeli.

Joakim, fundi baiskeli wa pale stendi, ameifunga kwenye spoku za gurudumu la nyuma ili imulike. Ina jina lilelile lililoandikwa mgongoni mwa kompyuta, na chini yake imeandikwa kwa Kiingereza: moja kati ya mbili. Nilipita mbele ya kibanda chake mara sita nikijaribu kuomba. Mara ya saba vijana wa kijiwe wakaanza kunihesabia.

Nikarudi nyumbani, nikaandika barua. Anwani ya mwandishi kulia, anwani ya mwandikiwa kushoto. YAH: OMBI LA DISKI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikaacha nafasi ya sahihi. Nilimkabidhi Joakim nikiangalia chini, nikageuka niondoke. Nilikuwa sijafika mtaroni nikasikia anaisoma kwa sauti, kijiwe kizima kimenyamaza kama kanisani. Alipofika "ni matumaini yangu kuwa ombi langu litafikiriwa", mmoja akasema fundi, umepata barua ya posa. Joakim akasema posa gani haina salamu za wazee.

Lakini alinifuata na diski mkononi. Akasema tangu azaliwe hakuna mtu aliyemwita Ndugu Fundi kwa maandishi, nichukue bure. Akaniambia pia alikoitoa. Alipewa na Mzee Bundala wa Nkololo, aliyekuwa mlinzi wa ile kampuni, alipomzibia pancha. Siku ya kufunga ofisi Mzee Bundala aliachiwa boksi la takataka, na ndani zilikuwemo diski za kung'aa.

Nkololo, basi. Sina namna ya kumwandikia barua mzee asiyesoma.

Jumatano, 7 Novemba

Mapaja yananiuma. Nimeendesha baiskeli ya baba hadi Nkololo na kurudi, na nimerudi mikono mitupu.

Mzee Bundala nilimkuta nje ya zizi. Nikapiga magoti, nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka. Akaitikia, kisha akaanza kuniuliza kama inavyotakiwa: mimi ni wa nani, mama yangu anatoka wapi, mvua kwetu imefikia wapi, ng'ombe wetu wana hali gani. Nilijibu yote. Nikafungua mdomo kueleza shida yangu, akasema shida ya mgeni haisikilizwi kabla hajala. Yakaletwa matobolwa na maziwa ya mgando. Viazi vile vilivyopikwa na kukaushwa navipenda, lakini kila sahani ilipoisha mke wake aliniuliza kama niongezewe, na mimi kila mara nilisema ndiyo. Sahani nne. Sahani ya tano niliinamisha kichwa tu, akadhani nimekubali.

Muda wote huo diski niliiona. Imetobolewa, imefungwa kwa kamba ya katani juu ya mlango wa zizi, inazunguka kwenye upepo. Imepakwa samli.

Hatimaye nilisema, kwa sauti ya kuku mgonjwa. Mzee Bundala akatikisa kichwa. Akaniita mayu, yaani mama, akasema umekuja na adabu zako zote, lakini unaniomba mlango. Tangu aitundike mwezi wa nane fisi hajagusa ndama hata mmoja. Ng'ombe wameizoea. Kitu cha zizi hakitolewi pakabaki wazi. Hutolewa kikawekwa kingine kama hicho, papo hapo.

Nilikuwa nimejiandaa! Kwenye mkoba nilikuwa na diski niliyoinunua stendi, ya sinema. Nikaitoa. Akaigeuza juani, akamwita mke wake, nao wakaiangalia kwa muda mrefu. Akanirudishia. Akasema mgongo wa hii ni wa zambarau. Ile ya kwake ni nyeupe kama shilingi ya zamani. Fisi si mjinga.

Nimezunguka duka kwa duka nilipofika mjini. Zote za stendi zina mgongo wa zambarau. Diski yenye mgongo mweupe ninayoijua hapa Bariadi ni moja tu.

Iko kabatini kwetu, chini ya vitenge vya mama.

Alhamisi, 8 Novemba

Sitaki kuandika nilichofanya, lakini shajara ni shajara.

Nimechukua CD ya kwaya ya mama. Ni ile waliyorekodi Mwanza, ambayo mama anaonekana mstari wa pili, sekunde nne, akiimba sauti ya kwanza. Hatuna hata deki ya kuichezea. Mama huitoa Jumapili, huifuta kwa kanga, huirudisha. Nilifikiri kumwomba. Nilisimama jikoni nikiwa na sentensi tayari. Mama akauliza nataka chumvi? Nikasema ndiyo. Nikatoka na chumvi.

Mpango wangu ni huu: naiazima hadi Jumamosi jioni, kompyuta ikiamka nabadilisha tena, Jumapili mama anaifuta kama kawaida. Hakuna atakayejua ila fisi.

Nkololo tena. Salamu zote tena, kana kwamba jana sikuwapo. Sahani tatu. Mzee Bundala aliipima CD ya kwaya juani, akasema hii ni yenyewe, hata inang'aa kuliko ile. Akaitoboa kwa msumari wa moto.

Sikuwa nimefikiria habari ya kutoboa.

Nimerudi na diski ya pili. Nimeificha chini ya godoro. Ina tundu, ina samli, ina vumbi la zizi la miezi mitatu. Ila nayo imeandikwa mbili kati ya mbili. Kwa nini siwezi kulala mchana huu, na mambo yanakwenda vizuri?

Ijumaa, 9 Novemba

Asubuhi nilizisafisha diski zote mbili. Ya Joakim ilihitaji kitambaa tu. Ile ya zizini ilikuwa na utando wa samli usiotoka kwa sabuni, nikaisugua kama mama alivyonifundisha kusugua sufuria: majivu, mchanga laini na gunzi la hindi. Pande zote mbili. Ilitakata hadi nikaona haya kwa jinsi nilivyoipendezesha.

Mchana nilikwenda dukani. Mama Mektilda alisimama nyuma yangu, Elina kando yake amekunja mikono. Niliweka diski ya kwanza. Mashine ikanguruma. Ikauliza kwa Kiingereza kama nina hakika, kwa sababu kila kitu kilichomo kitafutwa. Mama Mektilda akauliza inasema nini. Nikamwambia inasalimia. Nikabonyeza ndiyo.

Ilikwenda. Asilimia kumi, thelathini, hamsini! Elina alikunjua mikono. Ikaomba diski ya pili. Nikaiweka. Ikatoa sauti ya mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, ikaitema. Nikaweka tena. Ikaandika kwamba diski hii siyo. Mara tano.

Sasa mashine haina hata ile mistari mitatu ya mwanzo. Mama Mektilda akauliza, kwa upole, na huo upole ndio ulioniua, kama huku ndiko kuamka kwenyewe. Nikasema ndiyo.

Nadhani kosa ni gunzi. Ningetumia majani ya msasa.

Jumamosi, 10 Novemba

Nitakwenda kwa mpangilio.

Saa nne basi la Mwanza lilifika na diski ya Elina. Mashine ikaikataa kwa neno lilelile. Elina akasema alishasema ni kujaribu bahati. Akaizima taratibu. Nikaona mambo yamekwisha.

Kisha akaingia mama yangu, barua ya shangazi mkononi. Amekuja kuona kama aitume.

Kisha akaingia Mzee Bundala.

Alikuwa ameivaa CD ya kwaya shingoni kwa kamba ya katani. Hakumsalimia mtu hadi alipoketi, na aliketi kwenye kile kiti, kikamzungusha akatazama ukuta. Akasalimia ukuta, akajirudisha. Akaeleza kwamba ng'ombe wamelala usiku kucha wamegeuzia mlango mgongo, na alfajiri alimkuta fisi amekaa palepale nje anasikiliza. Anaitaka diski yake. Hakuja mikono mitupu: akatoa kwenye koti diski nyingine, akasema nichukue hii, ilikuwa kwenye lile boksi, ni ya ile mashine ndogo, na ile ya zizini ilikuwa ya mashine kubwa ya bosi. Kwake zote ni sawa, ila ng'ombe wameizoea moja.

Elina akauliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Mzee Bundala akasema binti hakuuliza, aliulizwa tu kama ni ile iliyotundikwa ndiyo anayoitaka, akasema ndiyo.

Wote wakanitazama. Mama hakunitazama. Alikuwa akiitazama shingo ya mzee.

Nilimrudishia mzee diski yake. Akapitisha kidole juu yake, akasema nimeiosha dawa yote, itabidi mkewe aanze upya na samli. Akavua ya kwaya, akampa mama. Mama akaangalia tundu. Akasema ningeomba angenipa. Kwamba nilikuwa na mdomo tangu nizaliwe. Ningependa angesema zaidi.

Ile diski mpya ilikuwa na vumbi. Nikaichukua niende uani kwenye majivu. Elina akaninyang'anya. Kwandu, akasema, hii si sufuria. Akaifuta kwa pindo la sketi yake, akaiwasha mashine, akaanza upya na ile ya Joakim, kisha akaiweka hii.

Asilimia sitini. Themanini. Mia. Kikatokea kioo cha bluu, na mlio mtamu. Mzee Bundala akasema kumbe nayo inacheua.

Mama Mektilda akasema waliosaidia ni wawili na kiti ni kimoja. Akamuuliza Elina anachapa maneno mangapi kwa dakika. Elina alifikiri, akasema ukweli, kumi na tano. Mama Mektilda akanigeukia mimi. Wewe unazidi hapo?

Mama alikuwa amesimama mlangoni, barua mkononi, ulimi wake tayari kwenye gundi ya bahasha.

Jumapili, 11 Novemba

Kiti nimepata. Mama hakutuma barua. Kanisani alikaa mstari wa mbele nami nyuma, na CD hakuifuta leo.

Ninachapa maneno manne kwa dakika. Nimepima kwa meza ya chakula, vidole vikiwa hewani.

Jumatatu, 12 Novemba

Siku ya kwanza kazini. Neno "JUBILEI" limechukua robo saa, lakini limekaa katikati ya mstari.

Nimefikiria sana jana na leo kuhusu wiki iliyopita, na nimeamua kuwa mtu mwingine. Kuanzia sasa nikiulizwa jambo nitavuta pumzi, nitaeleza lilivyo, hata kama ni sentensi tano.

Saa nane Mama Mektilda ametoka nje na chaki. Alikuwa anaandika kitu ubaoni, akaniita kupitia dirishani, huku wateja wamejaa, akauliza kama naweza pia kufundisha watu kompyuta, jioni, darasa dogo tu.

Nimevuta pumzi. Hilo nimelifanya kama nilivyoahidi.

Wamejiandikisha wanane. Elina ni wa kwanza, kalipa papo hapo, anasema hataki kukosa. Joakim ni wa pili, kaandika barua ya maombi. Darasa linaanza kesho saa kumi na moja.

Nimeshapanga somo. Nitaanza na kuzima. Kuzima nakujua. Tukienda polepole, na kila mmoja akapewa zamu, kutatufikisha Ijumaa.