Viatu vya Mama Mkwe Vyaingia Mtandaoni

Jumatatu, 3 Juni
Mtandao umebadilika tena! Video ndefu hazina soko. Sasa ni video fupi, simu imesimama wima, na mtazamaji aone "kabla" na "baada" papo hapo. Kinyozi wa mlango wa pili kaliwahi hilo. Anaonyesha kichwa kichaka, kisha kichwa kinang'aa, watu wanamiminika. Mimi fundi viatu niliyekuwa naonyesha gundi ikikauka dakika arobaini nzima, nimebaki na wafuasi wa kuhesabika, mmoja wao mke wangu. Lakini zamu yangu imefika!

Jumanne, 4 Juni
Nimepata viatu vya kunitoa! Vyeusi, vya kisigino, vya mama mkwe. Ni mkunga, Ijumaa anastaafu, ataitwa jukwaani mbele ya wakubwa wake na watu wazima aliowapokea walipozaliwa. Hana vingine vinavyomkaa. Nimeshona soli, nimepiga rangi, kazi safi! Ndipo nikakumbuka: sikurekodi "kabla". Nusura nilie.

Jumatano, 5 Juni
Wazo! "Kabla" inatengenezwa. Nimebandua soli zote mbili, nimekwaruza ngozi kwa msasa, nikapaka tope. Vinatia huruma mpaka nimejivunia.
Mke wangu kaingia, kauliza kama akili zangu ni timamu. Kanikumbusha kwamba wajomba zake waliponikataa, ni mama yake peke yake aliyesema kijana huyu ana mikono mizuri. Nikamjibu ndiyo maana nataka mikono hiyo ionekane. Kaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Juni
Mtandao umebadilika! Kinyozi kaniambia, tena kwa kejeli, kwamba sasa wanapenda matangazo ya mubashara. Basi na iwe mubashara!
Gundi yangu hupakwa, huachwa ipumue hadi isinate kidoleni, ndipo soli hubanwa. Kila fundi anajua. Lakini watazamaji hawana subira! Mmoja kaandika kuuliza kama fundi amelala. Nikabana gundi ikiwa mbichi. Mioyo ikapanda kwenye kioo cha simu! Nimeshangilia mpaka nikamwaga rangi. Uzi sikupitisha, kushona kunachosha kutazama.
Jioni mama mkwe kavichukua, kavigeuzageuza, kasema Mungu anibariki. Moyo ukanichoma. Nikaangalia idadi ya watazamaji, ukapoa.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe kaitwa. Ukumbi mzima ukasimama. Ngazi ya kwanza, salama. Ya pili, soli ya kulia ikabaki. Ya tatu, ya kushoto ikaifuata mwenziwe. Hakuanguka. Kavivua, kavibeba mkononi, kapanda jukwaani miguu mitupu. Kwenye kipaza sauti kawashukuru wote, kisha kasema viatu vimetengenezwa na mkwewe mwenye mikono mizuri. Watu wakavunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.
Kinyozi alikuwepo, naye alipokelewa na mama mkwe alipozaliwa. Simu wima, anarekodi! Ameonyesha viatu mguuni, kisha soli zimelala kwenye ngazi. Kaandika juu yake: "Kabla na baada."

Jumamosi, 8 Juni
Video ya kinyozi imeenea kila mahali. Mama mkwe kapiga simu. Sauti ya upole, na hiyo ndiyo mbaya. Kesho kuna kikao cha familia, wajomba wote watakuwepo, niende nikajieleze. Nimeomba radhi kwa machozi. Nimeapa sitarekodi tena kitu chochote cha mama mkwe. Nilimaanisha kila neno.
Nimeshinda kutwa nikimtengenezea buti mpya za ngozi, zawadi ya kuomba msamaha. Safari hii nimezishona kwa uzi, mara mbili. Mke wangu kazishika, kazivuta kwa nguvu, kwa mara ya kwanza wiki hii kacheka.
Kisha saa kumi ikaja habari. Mtandao umebadilika! Video ndefu zimerudi! Wanataka familia halisi, hasira halisi, dakika arobaini na kuendelea! Na wajomba wale hawajui kusema kwa ufupi.
Simu nimeshaichaji. Inaingia ndani ya buti ya kushoto bila shida. Nimetoboa tundu dogo tu, pale puani pa buti, kamera ichungulie.