Mwizi wa Feni ya Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 6 Mei

Nyota yangu imewaka! Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana kapanda mpaka ghorofa ya pili ya jengo letu la biashara, kaipita meza ya Miwani bila kumtupia jicho, kaja moja kwa moja kwangu. (Miwani ni jirani wa mkabala. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi. Leo kibao chake kikubwa kuliko changu. Asante ya punda!)

Shule inatafuta fundi wa kudumu. Laptopu sitini! Ataamua Ijumaa. Kwanza anataka kuniona kazini, kaniletea yake mpya, nyembamba kama daftari la mtoro. Herufi A imekwama tu. Na binti yangu, anayesoma pale pale, keshawatangazia wenzake kwamba baba ndiye fundi mpya. Sina pa kurudi nyuma.

Nikaiwasha. Nikatega sikio. Kimya! Miaka kumi na tisa natibu mashine kwa sikio. Feni ikikohoa, vumbi. Ikipiga mluzi, imechakaa. Hii haikupumua kabisa. Nikamwambia mama Mwalimu, hali ya mgonjwa ni mbaya, niachie. Akashangaa: mbona inaandika vizuri? Nikamjibu kwamba hata kuku aliyechinjwa hukimbia kidogo.

Jumanne, 7 Mei

Nimeifungua. Feni haipo! Si kwamba imekufa, HAIPO. Hata nafasi yake haipo. Kibati tu kimelalia prosesa, ubongo wa mashine. Wizi wa kitaalamu huu, mpaka tundu limezibwa!

Nikampigia Mwalimu kumuuliza mashine hii imepitia mikono ya nani. Akasema aliinunua kwa Miwani. Ahaa!

Nimemwandikia Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa jengo barua ya kurasa tatu. Neno MWIZI nimelipigia mstari mwekundu mara nne. Mama watoto kaisoma, kaniuliza kama nina uhakika. Maswali gani hayo ya kumuuliza mume?

Jumatano, 8 Mei

Siku ya kesi. Mwenyekiti ni muuza mapazia, anasikiliza huku anapima kitambaa. Mwalimu kaja. Nusu ya jengo wamekuja, wengine na viti vyao.

Nilisema mpaka nikajisikia raha. Miwani hakubisha. Kaleta boksi jipya, gundi ya kiwandani haijaguswa, kamwomba Mwenyekiti alikate kwa mkasi wake. Nikaifungua mashine mwenyewe mbele ya watu. Hakuna feni. Kaleta la pili. Hakuna feni. Nikatangaza kwamba basi wizi umeanzia kiwandani! Muuza viatu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Ndipo Miwani akanisomesha, mimi mwalimu wake! Eti prosesa za zamani zilikula umeme kama moto wa msitu, zikachemka, ndiyo maana zikafungiwa feni. Hizi mpya zinakula kidogo. Eti ndani mna wafanyakazi wa aina mbili: wadogo wanamaliza shughuli ndogondogo, wakubwa wamelala mpaka ije kazi nzito. Watu wakatikisa vichwa, ajabu ya karne! Mimi nalala mpaka ije kazi nzito mwaka wa ishirini huu, na mama watoto hajanisifu hata siku moja.

"Hazijaibiwa kitu, fundi wangu," akamalizia. "Zimezaliwa hivyo."

Binti yangu karudi kutoka shuleni macho mekundu. Habari imefika huko kabla ya kengele ya mwisho. Hilo limeniuma kuliko kicheko cha muuza viatu.

Alhamisi, 9 Mei

Mwanaume haanguki mara mbili bila kuinuka mara moja. Nimempa Miwani changamoto: mashine yangu Simba, feni mbili, dhidi ya kile kikaratasi chake kisicho na feni. Chaja zichomolewe saa tatu asubuhi. Itakayozimika kwanza, mwenyewe aombe radhi mbele ya Mwalimu.

Mimi si mtoto wa jana. Miwani alipokwenda msalani, nikapandisha mwanga wa yake hadi mwisho, nikaifungulia video kumi na mbili kwa mpigo. Simba nikamfungulia ukurasa mmoja mtupu.

Simba akanguruma, jengo zima likasikia. Sauti moja nyuma ikasema debe tupu haliachi kuvuma. Nitamjua tu aliyesema.

Saa nne na dakika kumi, Simba kazimika. Saa kumi na moja jioni, tunafunga, video kumi na mbili za Miwani bado zinaimba. Uonevu! Mwalimu kaja, nimeomba radhi mbele yake kwa sauti ya chini. Mwenyekiti akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema walioko ngazini nao hawajasikia.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda shuleni nimevaa suti ya harusi. Kumbe Miwani kanitangulia! Laptopu mpya ishirini kapewa yeye. Lakini kamwambia Mwalimu kwamba zile arobaini za zamani, zenye feni, hakuna anayezijua kama mimi. Dhahiri ananiogopa.

Mwalimu kaweka sharti moja. Nimrudishie mashine yake Jumatatu kama ilivyokuwa, herufi A ikifanya kazi. "Na usiiongezee kitu chochote, fundi, tafadhali sana." Ikirudi salama, arobaini ni zangu. Binti yangu katabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nimeapa.

Jumapili, 12 Mei

Kazi imekwisha. A inaruka kama panzi. Skrubu moja imebaki, ila moja hubaki siku zote.

Tatizo nimeligundua asubuhi: mashine ni baridi kama maji ya mtungi! Wataalamu wa kwenye maboksi hawakuliona hilo. Kisichopata joto kitaingiwa na unyevu, kitaoza. Nikatafuta sweta la sufi la mtoto wetu wa mwisho, nikaivika, nikafunga vifungo vyote, nikaiwashia video ndani kwa ndani. Mama watoto kanikumbusha kwamba niliambiwa nisiongeze kitu. Nikamweleza kwamba nguo si kitu, nguo ni heshima.

Alasiri nikaingiza mkono. Moto! Nimepiga makofi ya furaha, jirani kaja kuuliza kama tumepata mtoto.

Sasa ni mashine kamili. Mwendo umepungua, imekuwa na adabu. Mara inajizima yenyewe, dalili kwamba imejifunza kupumzika. Kesho saa mbili naipeleka mwenyewe, na sweta lake mwilini. Nimemwambia binti yangu akae dirishani, awaite na wenzake wote, waone baba yake anavyoingia.