Vita vya Mzee Genzaburo na Mkono Wake wa Kulia

Kaeni mkao wa kusikiliza, enyi wenye masikio, na aliyeshika kijiko akiweke chini, kwani nawasimulia alivyopigana Genzaburo wa Kyoto, Simba wa Soya, mgandishaji wa tofu kwa miaka hamsini na minane, siku mjukuu wake Mizuho alipokuja kula mchana.

Mizuho alikuwa ameapa kutokula chochote kitokacho kwa mnyama, samaki naye akiwemo, na siku hizi alitembea na chakula chake mkobani. Jambo hilo lilimchoma mzee, kwa kuwa tangu mkewe afariki hakuwa na mwingine wa kula naye.

"Tofu ni soya, maji na chumvi ya bahari," akanena, kifua mbele. "Hata watawa wa hekaluni, wasiogusa nyama, wanakula. Wewe nani uikatae?"

"Sijaikataa, babu. Nimekuja kuila."

Mzee akaitwaa tofu, nyeupe, baridi, yenye kutetema, akaiketisha sahanini kwa heshima zote za kifalme. Mara mkono wa kulia, haini asiye na haya, ukachupa koponi ukanyunyiza maranda ya samaki mkavu, kama ulivyofanya kila adhuhuri tangu ujana wake.

Mizuho akacheka. "Tofu haina kosa, babu. Mwenye kosa ni huo mkono."

Mzee hakucheka. Akaleta sahani ya pili, akaimiminia mchuzi wa soya wa chupa yake mwenyewe, ndipo akakumbuka kwamba humo aliloweka samaki yule yule. Mjukuu akagusa zipu ya mkoba, atoe chakula chake.

Lakini kushindwa mara mbili si kushindwa vita. Genzaburo akaleta tofu ya tatu, akaketi, akaukalia mkono wa kulia kwa uzito wake wote, na kwa ule wa kushoto akadondosha chumvi kidogo na tangawizi.

Mizuho akala akamaliza. Mzee naye akaonja, bila samaki, akaonja tena.

"Kumbe ndivyo ilivyo," akasema.

"Babu, hukuwahi kuionja bila samaki?"

"Nilikuwa naiuza tu."

Basi vizazi na vikumbuke ushindi huo, ulioandikwa siku ile ile kwenye kalenda ya duka, kwa mwandiko uliopinda wa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado umekaliwa: *Leo Mizuho amekula kwangu.*